Mbuzi wa Igoki Kwenye Mchoro

Jumatatu asubuhi Winrose Gatwiri aliutandaza mchoro wa hifadhi mezani, akaubana pembe kwa kikombe, stepla na chupa ya chai, ndipo akaona kwamba pana njia inayokata bwawa la kuogelea. Hakuwa ameichora. Ilikuwa nyembamba, ya rangi ya udongo mwekundu. Ilianzia nje ya uzio, ikapita katikati ya bwawa na chini ya bembea za watoto, ikaishia ziwani. Aliifuta kwa raba. Aliporudi kutoka kunawa mikono, njia ilikuwa imerudi na vumbi lake limetapakaa mezani.

Hifadhi yenyewe ilikuwa inajengwa kando ya ziwa, huko chini Mbeere kwenye joto, ingawa ofisi ilikuwa ghorofani mjini Embu. Kazi ya Winrose ilikuwa kupanga kila cha kustarehesha wageni: bembea, mabanda ya kuchomea nyama, gati ya boti. Bwawa la kuogelea alikuwa ameliweka karibu kabisa na ziwa, kwa sababu ziwani kuna mamba, na watu wa Nairobi hawapendi kuoga na mamba.

Alimpelekea mkurugenzi, Bwana Gitari.

"Hii njia ni ya nini?"

"Sijui, sir. Nikifuta inarudi."

"Basi futa tena."

Alifuta mpaka karatasi ikaanza kutoboka. Alichapisha mchoro mpya, na njia ikatoka nao kwenye mashine, bado ina joto.

Alhamisi mbuzi walikuja. Walipanda ngazi mmoja mmoja, wakapita mapokezi, wakarukia meza ya Winrose na kuishika ile njia, wakizidi kuwa wadogo kadiri walivyoteremka, hadi wakawa kama punje za maharagwe ya njahi ukingoni mwa ziwa. Wakanywa. Nyuma yao akaingia mama mmoja aliyejifunga leso, fimbo mkononi, akasalimia ofisi nzima kwa mkono kama mtu aliyelelewa akaleleka. Alisema anaitwa Igoki.

"Msikasirike, madam," alimwambia Winrose. "Mimi nanywesha tu, halafu natoka. Kule chini si mlifunga na waya? Mto nao ni mbali sana. Mbuzi zangu mbili zimekufa kwa njia. Sina kitu ingine, ni hizi tu."

"Lakini mama, sisi tuliambiwa hakuna mtu anatumia hapo."

"Nani alisema?"

Aliyesema ni Munene, soroveya. Munene ni Msabato na Jumamosi hagusi kazi, kwa hiyo ufuo aliupima Jumapili, kwa utulivu wake. Na Jumapili watu wa kule hunywesha mifugo kabla jua halijachomoza, kisha nyumba nzima huenda kanisani hadi alasiri. Munene alikuta maji, mawe na ndege, akaripoti kwamba ufuo hauna mwenyewe. Hakudanganya. Winrose naye alizaliwa Kanyakine, ambako maji hupita nyuma ya jikoni bila kuombwa, na hakuwahi hata kufikiria kuuliza. Sasa jambo hilo lilimuuma kama jino.

Alichora upya. Alilisogeza bwawa kando, akaweka lango pana kwenye uzio ili mifugo ipite.

"Wafadhili washapenda bwawa likiwa hapo," Gitari alisema. "Na ni mgeni gani atalipa kuja kuona mavi ya mbuzi?"

"Hao mbuzi watakufa, sir."

"Si wanakunywa hapa ofisini? Nani amewafukuza?"

Ni kweli, hakuna aliyewafukuza. Walizoeleka. Kagure wa usafi alilalamika kuhusu ngazi, akaongezewa ufagio. Wahasibu walijifunza kuinua miguu. Winrose alirudi kwa Gitari, akarudi tena, na kila mara alisikilizwa vizuri, akashukuriwa, na hakuna kilichobadilika. Hilo ndilo lililomkera kupita yote. Angetukanwa, angalau angejua pa kuanzia.

Mwishowe Gitari mwenyewe aliipenda ile njia. Alisema ina mvuto. Mchoro ulipitishwa nayo, ikabatizwa Njia ya Mbuzi, ya watalii kutembelea, kwa tiketi, mifugo hairuhusiwi kwa sababu za usafi. Uzio ulibaki pale pale. Na kwa kuwa mchoro sasa ulikuwa umeidhinishwa, ulitiwa kwenye fremu ya kioo na kutundikwa mapokezi ili wageni wauone.

Kesho yake mbuzi walipanda ngazi kama kawaida, wakasimama mbele ya kioo. Jike mmoja mkubwa alikilamba, akaacha ute juu ya ziwa, akalamba tena. Njia ilionekana vizuri sana kule ndani, na maji pia.

"Na hapa nayo mmefunga, madam?" Igoki aliuliza. Hakuwa amekasirika. Alitaka tu kujua.

Winrose aliishika fremu kwa mikono miwili, akaivuta kwa nguvu zake zote, machozi ya hasira yakimlenga. Ilikuwa imekazwa ukutani kwa skrubu. Gitari alitokea na wageni wake, akawaonyesha kwa kidole mahali bwawa litakapokuwa, kisha akamwomba Igoki asogee kidogo ili waone vizuri.

Igoki akasogea, akawaita na mbuzi wake wasogee.