Kamera ya Nyumbani

Marehemu mume wangu aliniachia kamera kubwa ya lenzi za kubadilisha, na kwa kamera hiyo nimepiga picha za harusi upande wa wanawake Hyderabad mpaka bega la kulia likakataa. Familia zenye staha hazitaki mwanamume mgeni apige picha za binti zao, kwa hiyo nilikuwa naitwa mimi. Lakini mwaka ule nilishindwa hata kuinua mkono kufunga mtandio, seuze kubeba kile chuma.

Mkwe wangu Ghouse ndiye aliyenipeleka dukani.

"Mama, umefanya kazi imetosha," aliniambia njiani. "Liuze hilo dude. Chukua kamera ndogo ya nyumbani, umpige picha mjukuu wako akizaliwa."

Mjukuu alikuwa bado tumboni. Binti yangu Mahjabin, mtoto wangu wa pekee, alikuwa na mimba kubwa na moyo mzito. Ghouse alikuwa akisafiri mno, akisema anafuata biashara ya pampu za maji Nagpur, na akifika huko simu haipatikani.

"Mama, naona kama nyumba yangu inaniponyoka," Mahjabin aliniambia siku moja, akichambua mchele jiwe kwa jiwe bila kutazama sinia.

Nikamwambia ni mimba inayompa mawazo. Mwanamume asiyekosa swala ya alfajiri msikitini, utamshuku nini?

Dukani, mwenye duka Sadanand alitupangia kamera mbili juu ya kaunta. Moja kubwa kama ile ya marehemu, ila mpya. Nyingine ya rangi ya fedha, ndogo, inaingia kiganjani.

"Sikufichi, Bi Zahida," alisema. "Picha ya hii kubwa huwezi kuipata kwa hii ndogo. Penye giza, penye watu wanaotembea, kubwa inashinda. Na ndogo hii ukiibonyeza inafikiri kwanza. Kama mzee akiitwa: anasikia, halafu ndiyo anageuka."

"Na mimi si mzee? Tutaelewana."

Ghouse alicheka. "Ukienda nayo harusini watadhani umekuja kula tu."

"Basi nitakula."

Nilizijaribu zote mbili. Kubwa iliniwasha moto begani. Ndogo niliinyoosha mbele yangu, nikaliona duka zima kwenye kioo chake cha nyuma bila kufumba jicho wala kuficha uso. Hapo nikakumbuka jalwa. Nikahi ikishafungwa, bwana harusi huletwa kwa wanawake, akaketi karibu na mke wake, wakafunikwa shali moja wote wawili. Mbele yao huwekwa msahafu na kioo, na ni katika kioo hicho anauona uso wa mkewe kwa mara ya kwanza. Miaka yote ile sikuwahi kupata picha ya ndani ya shali, maana lile domo la kamera kubwa halipiti. Hii ingepita.

Nikaichukua. Ghouse aliridhika, akidhani nimestaafu. Sikumsahihisha.

Siku ya Idi niliijaribu nyumbani. Nikampiga picha Ghouse amelaza sikio juu ya tumbo la Mahjabin, anasikiliza. Nikampiga tena akimlisha tambi za maziwa kwa kijiko. Zilitoka nzuri, nikaziacha humo.

Haukupita muda nikapigiwa simu na mama mmoja wa mji wa Bidar, Kudsia. Anamwoza binti yake, ametafuta mpiga picha mwanamke kwao hakupata. Ghouse alikuwa Nagpur, basi nikamuaga Mahjabin peke yake, nikapanda basi.

Kudsia alipoiona kamera alishika kidevu. "Dada, ndiyo hiyo tu?"

"Labda nyingine ameifunga kwenye mkoba na maandazi," akadakia shangazi mmoja, na chumba kizima kikacheka.

Nikawapiga picha pale pale, nikawageuzia kioo wajione. Kicheko kikageuka kugombania. Watu wa staha wana masharti yao: kabla sijatoka, mama mwenye shughuli hutazama kila picha, na asiyoitaka naifuta mbele ya macho yake. Kwa kamera hii waliona raha.

Kudsia alikuwa akimsuka binti yake Asra, ananihadithia. "Mkwe wetu ni wa kwenu Hyderabad. Maskini, mke wake alifariki na mtoto tumboni. Na mama wa yule mke naye hakuchukua muda, huzuni ilimuua. Hana mtu."

"Innalillahi," nikasema. Nikainua mikono, nikawasomea Fatiha yule marehemu na mama yake. Wanawake wote wakaitikia amina.

Mashahidi walipokuja kumuuliza Asra kama anakubali, nilisikia jina la bwana harusi: Muhammad Ghouse. Halikunishtua. Kwetu ukiita Ghouse sokoni watageuka watu kumi.

Baada ya alasiri bwana harusi akaingizwa. Shada la maua lilimfunika kuanzia paji la uso hadi kifuani. Akaketi, shali ikashushwa, nami nikatambaa kwa magoti nikaingiza kichwa na kamera kwa ubavuni. Ndani ni joto na harufu ya asumini. Asra alikuwa amefumba macho, kama walivyomfundisha.

Nje wanawake walikuwa wakimpigia kelele bwana harusi. "Mbembeleze afumbue macho! Sema, 'Bibi, mimi ni mtumwa wako!'"

Bwana harusi akayatenganisha maua, akakiinamia kioo. Nikabonyeza. Kamera ikafikiri kwanza. Katika kufikiri kwake goti la Asra likakigusa kioo, kikalala upande wangu. Kamera kubwa ingenifunika uso mzima. Hii haikufunika kitu, akauona uso wangu kiooni.

Mwanga ukawaka.

"Mama?" akasema Ghouse.

Nilimtazama mdomo, ule ule niliouona ukibusu tumbo la mwanangu. Asra akafumbua macho, akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Mbona kimya?" wakapiga kelele nje. "Bwana harusi kameza ulimi!"

Nikatoka kinyumenyume. Nikaketi pale chini, kamera mkononi.

"Amemwita nani mama?" Kudsia akauliza. "Si alisema hana mtu?"

Ghouse aliitupa shali pembeni akasimama. "Simjui! Nimemfananisha tu. Mtoeni huyu bibi, anatupigia picha bila adabu."

"Hebu niione," akasema Kudsia, akanyoosha mkono kama ilivyo haki yake.

Nikampa kamera, nikabonyeza kitufe cha kurudi nyuma. Ikaja picha ya shali. Ikaja ya hina. Zikaja za mashangazi. Halafu ikaja ya Idi: Ghouse na kijiko. Na iliyotangulia: Ghouse amelaza sikio tumboni, Mahjabin anacheka kichwa kimerudi nyuma.

Kudsia aliiangalia, akamwangalia mkwe wake, akarudi kuiangalia.

"Huyu nani?"

"Ndiye huyo marehemu," nikasema. "Binti yangu. Yuko hai, yuko nyumbani anamngoja mumewe atoke Nagpur. Na mimi ndiye mama niliyekufa kwa huzuni. Nimejisomea Fatiha mwenyewe humu humu, na nyinyi mmeitikia."

Shangazi wa utani alikaa chini kwa kishindo. Ghouse akaanza kueleza kuwa sheria inamruhusu, kuwa angetuambia, kuwa hatuelewi.

"Sheria imekuruhusu umuue mtu kwa mdomo?" nikamuuliza.

Aliyenyanyuka ni Asra. Akayavua maua ya nywele, akayaweka karibu na msahafu taratibu.

"Mama, kadhi hajafika mbali. Arudishwe, aivunje ndoa hii." Kisha akanigeukia. "Shangazi, zangu futa zote. Ile ya ndani ya shali uiache. Mpelekee mwanao."

Nikazifuta mbele yake, moja moja, nikabakisha hiyo.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Mahjabin ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu imemvimba. "Mama, umekula?" akauliza. Nikamwekea kamera mapajani, picha ile ya shali ikiwa kiooni.

Akabonyeza kitufe cha kukuza, na nilidhani anautafuta uso wa mumewe, au wa yule msichana. Alipita vyote viwili, akashuka mpaka kwenye kifua, penye vifungo vya koti.

"Alisema rafiki yake ameazima koti la harusi yetu," akasema. "Kifungo kilikuwa kimekatika. Nilikishona mimi, Mama. Niliukosa uzi mweupe, nikatumia wa bluu."

Akanigeuzia kioo nione. Uzi ulikuwa wa bluu.