Mstari wa Preuve

Mashine ilimwandikia Marceline hivi: 3x^2+-5x^1+0. Akaikodolea macho kama mtu anayemkodolea fundi cherehani aliyemshonea gauni la mikono mitatu.

"Weye mupumbafu," akaiambia. Mashine haikukana.

Jumlisha toa tano! Miaka yote aliyofundisha hesabu kwenye lise, shule ya sekondari ya masista hapa Likasi, hakuna mwanafunzi, hata wale wa benchi la nyuma wanaokuja kusinzia, aliyewahi kumwandikia jumlisha toa tano. Na ile kofia yenye moja juu ya x ilikuwa ya kazi gani? Na sifuri ile mwishoni ilifuata nini? Marceline alikuwa mtu wa hasira za karibu, na siku zile hasira hazikuhitaji kutafutwa mbali.

Ulikuwa umepita mwaka mmoja tangu Zaire irudi kuitwa Kongo. Kompyuta ilitoka Ubelgiji, zawadi ya parokia moja ya huko, pamoja na diski yenye Java, lugha mpya ya kuandikia programu, na kitabu chake kilichokosa kurasa za mwisho. Masista waliiweka sebuleni kwao, wakaifunika kitambaa kilichodariziwa, ikakaa hapo kama mtakatifu asiye na sikukuu. Sasa masista wenzao wa Lubumbashi walikuwa wanaitaka. Mère Gertrude, mkuu wa lise, alimpa Marceline nafasi moja tu: mashine iandike mtihani wa kugawanya polinomi, kila mwanafunzi na polinomi yake, ili waache kunakiliana wakiwa wamebanana benchini, na iandike majibu ya mwalimu vilevile.

"Kama inafanya, itabakia," alisema. "Kama haifanyi, Alhamisi kamyo inaibeba." Siku hiyo lori la Lubumbashi lilikuwa linapita.

Mtu aliyetaka ibaki alikuwa mmoja, naye ni Marceline. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinatoka Likasi: vyuma vya kiwandani, vioo vya madirisha, watu wenyewe. Mashine ile ndiyo kitu pekee alichokiona kikiingia. Ikiondoka, alijua hataishika nyingine maishani.

Umeme wa mtaa ule ulikuja baada ya chakula cha mchana na kukatika saa kumi. Maji ya mto Lufira hayakuacha kuzungusha mitambo ya umeme ya Koni, lakini nyaya zilikatwa na wezi, na kilichobaki kiligawiwa mtaa kwa mtaa. Kwa hiyo programu aliiandika nyumbani kwa penseli, kisha akajifanya yeye ndiye mashine, akaipitia mstari kwa mstari huku midomo ikicheza.

Kazi yenyewe ukiieleza ni ndogo, ndiyo maana inakera. Namba za polinomi zinakaa kwenye safu, kila moja na kiti chake: kiti cha chini cha namba isiyo na x, kinachofuata cha x, kinachofuata cha x ya kipeo cha pili, hivyo hivyo hadi juu. Programu inaanzia kiti cha juu ikishuka, na kila kitini inabandika kipande cha maandishi. Lakini mwanadamu haandiki kila anachokiona. Moja iliyo mbele ya x haandiki. Namba hasi inakuja na alama yake, haitaki jumlisha mgongoni. Na sifuri anairuka kama dimbwi. Haya mtoto anayajua bila kufundishwa. Mashine lazima iambiwe yote, na ukisahau moja inakuaibisha mbele za watu.

Jumatatu aliondoa jumlisha ya ziada. Jumanne aliiambia ifiche moja, nayo ikaificha hata ilipokaa peke yake bila x: x^2+4x+ na baada ya hapo hewa tupu, kama mtu aliyekufa katikati ya sentensi. Alipopata dawa yake, umeme ukakatika kabla hajahifadhi. Marceline alipiga meza kofi hadi sista mmoja akachungulia mlangoni, akaona uso wake, akarudisha kichwa.

Jumatano jioni alikuwa amekaa na karatasi zake mezani, na mumewe Symphorien anapangusa viatu. Symphorien alikuwa fundi umeme wa kiwanda ambacho tanuru zake zilipoa zamani. Hata hivyo kila asubuhi alivaa shati lake la buluu, akatembea hadi getini, akaitika jina lake linapoitwa, akakaa kivulini kidogo, akarudi. Mshahara ulikuwa hadithi ya kale.

"Papa Dan," Marceline akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "kule unaendaka kufanya nini?"

"Banaitaka majina. Minye naitika."

"Kwa kazi gani?"

"Kazi hakuna. Ni juu bajue niko."

Uchovu wa siku tatu ukampanda Marceline kichwani. Akageuza karatasi, akagonga mstari mmoja kwa penseli. "Angalia hapa. Kwenye iko zéro, hatuandikake. Tunaruka, tunaenda mbele. Kintu kama haiko, haiko! Weye unamalizaka viatu bure."

Symphorien aliitazama karatasi, ingawa hakuna alichokielewa. Kisha akaviweka viatu chini. "Bon," akasema.

Alhamisi asubuhi shati la buluu lilibaki kwenye msumari. Marceline aliliona, lakini kichwa chake kilikuwa kwenye safu na viti vyake, akapita.

Mchana, kwa masista, umeme ulikuja. Mère Gertrude akavuta kiti, akavaa miwani. Polinomi ya kwanza ikatokea: 2x^3-7x^2+4. Safi kabisa, bila jumlisha ya bure, bila kofia ya moja, bila sifuri. Ya pili, ya tatu. Mère Gertrude akatikisa kichwa polepole akikubali, na Marceline akahisi moyo unakaa mahali pake kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Sasa majibu ya mwalimu."

Yakaja: hisa, baki, na mstari wa mwisho, preuve, yaani uthibitisho. Katika lise ile kugawanya bila preuve ni sawa na kupika bila chumvi. Ukishagawanya unazidisha hisa na kigawanyo, unaongeza baki, unatoa kwenye polinomi ya mwanzo. Kama hukukosea, kila namba inamuua mwenzake na inabaki sifuri. Marceline mwenyewe alifundishwa hivyo kwenye mabenchi yale yale, na Mère Gertrude yule yule, kwa rula.

Kwenye kioo ilisomeka: Preuve, nukta mbili, na weupe.

"Preuve iko wapi, Madame?"

"Ma mère, jibu iko sawa, ni vile tu..."

"Sioni jibu. Endelea."

Mwanafunzi wa pili: weupe. Wa tatu: weupe. Kadiri hesabu zilivyokuwa sahihi, ndivyo mistari ilivyokuwa mitupu.

"Mutoto akiniletea vile, namupatia ngapi?"

"Zéro, ma mère."

Marceline alikuwa ameshaelewa. Viti vyote vilikuwa na sifuri. Programu ikaruka cha kwanza, ikaruka cha pili, ikafika chini mikono mitupu, kama alivyoiamuru. Dawa ilikuwa mstari mmoja tu: ukifika mwisho huna kitu, andika 0. "Dakika tano, ma mère, nakuomba!" Akauandika mstari ule. Haraka haina baraka: akasahau nukta-mkato, na mashine ile, nzito kama bukari, ugali uliokosa maji, ikakaa, ikawaza, ikamrudishia kosa. Akarekebisha. Akabonyeza tena. Kioo kikazima.

Ilikuwa saa kumi. Nje lori lilikuwa tayari limewashwa.

Mère Gertrude hakuwa mkatili. Alikunjua kile kitambaa, akakitandika juu ya mashine taratibu, akasema, "Pole, Madame." Marceline angependa zaidi atukanwe. Alitoka bila kuaga, akiwa na hasira na wezi wa nyaya, na Java, na mashine, na hasa na yule mwanamke mjuaji aliyesema kisichokuwepo kirukwe.

Nyumbani alimkuta Symphorien amekaa kigodani kwa singlendi, mikono magotini.

"Baliita majina lelo?"

"Sijue. Sikuenda."

"Juu ya nini?"

"Weye ulisema."

Marceline aliliona geti la kiwanda: jina la mumewe linaitwa, kimya, linaitwa jingine. Mstari mweupe.

Akachota makaa jikoni, akayatia kwenye pasi, akalitoa shati la buluu msumarini.

"Kesho unaenda."

"Kazi hakuna, Mama Dan."

"Najua hakuna. Unaenda, unaitika."

Akapiga pasi mikono, akapiga mgongo, kisha akairudia kola, ambayo tayari ilikuwa imenyooka.