Bureki kwa Obrad

Obrad alipokuwa hai, hakuna aliyenunua hisa bila kutukanwa kwanza. Ndiyo ilikuwa desturi ya ofisi ile ya Belgrade, walimowekeza fedha za pensheni za watu. Ukileta pendekezo, Obrad analinyonyoa kama kuku. Likifa, unashuka kuwanunulia wote bureki, mkate wa mafuta wenye nyama au jibini ndani. Ljubinka aliwanunulia miaka na miaka. Alinenepa, na mfuko wa pensheni nao ukanenepa.

Kisha moyo wa Obrad ukasimama ndani ya lifti, yeye ambaye siku zote alisema lifti ile itaua mtu.

Bosi mpya, Vukašin, alikuja na adabu zake. "Hapa tunatiana moyo," alisema. Basi wakatiana moyo hadi wakanunua hoteli isiyo na barabara. Mfuko ukakonda, wao wakapigiana makofi.

Sasa Vukašin alitaka kununua maghala ya kugandishia matunda ya rasiberi, na bila kura ya wote jambo lisingepita. Ljubinka alikwenda kuyaona: majokofu yamezimwa, paka wamezalia humo. Lakini kikaoni, wenzake walipomtazama kwa tabasamu la upole, alijisikia akisema, "Ni wazo zuri sana." Alijichukia. Pensheni ya mama yake ilikuwa humo, na kura ilikuwa Jumatatu.

Jumamosi walikwenda makaburini kumkumbuka Obrad, mwaka ulipotimia. Wakala ngano iliyochemshwa na sukari, wakammwagia kaburini rakia kidogo, pombe kali ya matunda, maana marehemu hanyimwi. Vukašin, ambaye hakuwahi kumwona, akatoa hotuba.

"Obrad alikuwa mtu wa kutia wenzake moyo," alisema.

Ljubinka akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka kama kwikwi.

"Samahani, bosi. Mimi aliniambia ripoti yangu ya saruji haifai hata kufungia samaki. Eti samaki atanuka."

"Mimi aliniuliza kama mama yangu anajua ninachofanya kazini," akasema Tihomir, ambaye ofisini alikaa meza ya pili kutoka kwa Ljubinka.

"Na mimi alisema supu yangu ishtakiwe," akadakia Desanka, mjane wa Obrad, huku akipakua ngano. "Sasa nyie mbona mmepoa hivi? Aliyekufa si yeye?"

Ljubinka akaweka kikombe chini.

"Bosi, yale maghala ni nyumba ya paka. Nimeyaona kwa macho yangu. Umeme hamna, rasiberi hamna. Mimi kura yangu huipati."

"Lakini ulisema ni wazo zuri."

"Si tunatiana moyo?"

"Mwenye maghala anauza hadi trekta," Tihomir akaongeza. "Nilijua toka mwanzo."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuwa natabasamu, bosi."

Vukašin akaiva uso. Akamtazama mjane, labda angemtetea.

"Bureki wanauza pale getini, mwanangu," Desanka akamwambia. "Chukua la nyama. Marehemu alikuwa Mbosnia, la jibini kwake si bureki."

Vukašin akafunga koti lake zuri, akaenda. Alirudi na mfuko unaochuruzika mafuta.

"La nyama limekwisha," alisema.

Hakuna aliyemtia moyo. Ljubinka akakata kipande, akakiweka juu ya kaburi.

"La jibini," akamwambia Obrad kwa sauti ya chini. Kisha akangoja kidogo, kwa mazoea, atukanwe.