Acha, Wangu

Toka ajifungue, sikio la Ilka lilikuwa langoni. Pale mjini Várad mwanamke aliyejifungua hapiki. Mama wa ubatizo wa mtoto ndiye humletea chakula, bakuli limefungwa kitambaa cheupe, na mtaa mzima huchungulia madirishani kuona limetoka kwa nani. Mpaka Ijumaa halikuja bakuli lolote, na mtoto alikuwa abatizwe Jumapili.

"Tafuteni wasimamizi wengine wa ubatizo," alisema mama mkwe huku akikunja nepi. "Ambrus na mkewe hawaji. Nyie mngekuja?"

Jenő, mume wa Ilka, aliendelea na kazi yake. Alikuwa akipaka mafuta viatu vyake vya kuchezea mpira, na viatu vyenyewe vilishapakwa jana.

Jenő na Ambrus walikua pamoja, wakaichezea pamoja timu ya taifa ya Hungaria, Jenő mshambuliaji, Ambrus beki. Ikaja vita, na baada ya vita mpaka ukahama. Jenő hakuhama. Alibaki nyumba ileile na mama yuleyule, ila sasa akawa raia wa Romania. Ambrus alikuwa ameshaoa Debrecen, upande wa pili, uliobaki Hungaria. Romania walipounda timu walimwita Jenő, naye akaenda, maana miguu ilikuwa bado inautaka mpira. Ambrus alimtania tu: "Nenda, ila ukinipita nakuvunja."

Mambo yakawa shwari mpaka nchi hizo mbili zilipokutana uwanjani. Mpira ulipanda juu mbele ya goli la Hungaria, Ambrus akajiweka sawa aupige kichwa. Nyuma yake akasikia sauti aliyoizoea toka utotoni, kwa lugha yao ya nyumbani: "Acha, wangu!"

Akauacha. Jenő akafunga.

Wenzake wa Romania walimbeba mabegani wakimwita mjanja. Kule Debrecen walimwita nyoka. Jenő aliapa kwamba neno lilimtoka lenyewe, lakini nani angeamini? Ilka aliamini. Yeye alilisikia kila siku. Akiinama kushika ndoo, "Acha, yangu." Mtoto akilia alfajiri, "Acha, wangu," na Jenő ameshasimama, macho bado ameyafumba.

Jumamosi lango likalia. Aliingia Piroska, mke wa Ambrus, na bakuli lake la kitambaa. Nyuma yake Ambrus, kofia kichwani, kama mtu aliyekuja kukagua nyumba ya kupanga.

"Supu ya kuku, dada," Piroska alimwambia Ilka. "Usiulize paja jingine. Askari wa mpakani alisema lazima alichunguze."

Ilka alicheka mpaka tumbo likamuuma. Wanaume hawakucheka. Piroska akaimimina supu kwenye sufuria, akaibandika jikoni ipate moto.

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto," alisema Ambrus. "Baba yake simsemeshi."

"Ambrus, lilinitoka tu."

"Ndivyo unavyowaambia watu. Mama yangu alikuwa uwanjani siku ile, Jenő. Hajaja tena kunitazama nikicheza."

Jenő aliinamisha kichwa. Ilka, kitandani, alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Supu ikaanza kufurika. Ambrus, aliyekuwa karibu, akanyoosha mkono mtupu kuiepua.

"Acha, yangu," alisema Jenő, na kitambaa kiko mkononi tayari.

Mkono wa Ambrus ukashuka wenyewe.

Jenő alisimama na sufuria, masikio yamemwiva, hajui aitue wapi. Ambrus aliutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine.

"Ona huu," alisema taratibu. "Mimi sijakusamehe, wenyewe umeshatii."

"Husema hivyohivyo hata kwa ndoo," alisema Ilka. "Hata kwa paka."

"Na paka huacha?"

"Haachi hata siku moja."

Ambrus akavua kofia, akaiweka mezani. "Basi paka ni beki bora kunishinda," alisema.

Mtoto akaanza kulia. Jenő akageuka upesi, sufuria bado mkononi.

"Acha," alisema Ambrus, na alikuwa ameshafika kwenye kitanda cha mtoto. "Wangu."

Jenő akaacha.