Nguzo za Harrowbeck

Edmund Thackwell alijenga stesheni kama bibi harusi anavyovishwa: kizuri kiwekwe mbele, kisichopendeza kifichwe. Maji ya mvua ya paani aliyapitisha ndani ya nguzo zenyewe, za chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, tupu ndani, ili pasionekane bomba hata moja. Wakurugenzi wa reli walishamwahidi stesheni kumi nyingine, ikiwa hii ya Harrowbeck itawapendeza.

Fundi mkuu, Jabez Orrell, aliigonga nguzo kwa kidole.

"Bwana Thackwell, majani yakiziba huku chini, maji yatasimama humu. Januari yataganda, yavimbe, yakipasue hiki chuma kama yai."

"Kwa hiyo, Mzee Jabez, nining'inize mabomba nje kama matumbo ya nguruwe buchani?"

"Matumbo yana kazi yake, bwana. Muulize nguruwe."

Mafundi wakaangua kicheko. Thackwell akaiva masikio kwa aibu, na hapo neno la mzee likazikwa. Nguzo zikabaki vilevile.

Siku ya ufunguzi meya alikula kondoo mpaka akalegeza vifungo, na wakurugenzi wakazipapasa nguzo kama farasi wa mnadani. Stesheni kumi Thackwell akapewa palepale.

Januari kuliganda siku tisa mfululizo. Asubuhi ya kumi Thackwell alikuta nguzo ya tatu imepasuka juu hadi chini, barafu ikichungulia kwenye ufa. Chini yake Jabez alikuwa akitegemeza paa kwa gogo huku akiwafukuza abiria.

"Tokeni! Wewe mama, acha hicho kikapu, kuku watataga mayai mengine!"

"Mzee, toka na wewe!" Thackwell alipiga kelele.

"Ngoja kwanza, hili gogo bado—"

Paa likashuka.

Uchunguzi wa kifo cha mzee ulifanyika baa ya jirani, kama ilivyokuwa desturi ya huko zama hizo, nao ukaamua kwamba mwenye kosa ni baridi. Thackwell alifungua kinywa, akawatazama wakurugenzi, akakifunga.

Stesheni kumi akazijenga zote, na kila moja ilikuwa na mabomba nje, manene, meusi, yakishuka ukutani bila haya. Magazeti yakamwita Bwana Matumbo. Baada ya ile ya kumi, hakuna aliyempa kazi tena.

Katika hiyo ya mwisho, mjane wa Jabez alishuka na kikapu chake kubadilisha treni, akamkuta Thackwell amesimama peke yake. Akayatazama mabomba.

"Kumbe ulimsikia."

"Nilimsikia, mama."

"Siku ileile aliyokwambia?"

Thackwell aliinamisha kichwa. "Siku ileile."

Mjane akaokota kikapu chake, akaenda kusubiri treni upande wa pili.