Mabaki ya Satini

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na marehemu mumewe alikuwa seremala. Shemeji ndiye aliyewaleta wale kasuku wawili nyumbani. Yeye na wenzake waliangusha mti uliokauka zamani, na gogo lilipopasuliwa wakakuta shimo, ndani yake makinda wawili hawana hata nyoya la kujisitiri. Akawabeba kwenye kofia. Alisimulia kwamba wazazi wao walizunguka juu ya kile kisiki wakilia mpaka jua likazama, na usiku ule yeye hakuweza kula.

Walikua, lakini si kwa kimo. Hawakuzidi ngumi ya mtoto. Mgongo kijani, shingo ya manjano, kichwa cheusi, mdomo mwekundu, na duara jeupe kwenye jicho kama wamevaa miwani. Shemeji aliwaundia tundu, na ndani yake kijumba cha mbao chenye kifuniko. Yeye na mdogo wangu hawakujaliwa mtoto, basi mtu akiuliza habari za watoto, shemeji alinyoosha kidole kwenye tundu dirishani. "Wale pale. Wazuri sana, ada ya shule hawaombi."

Shemeji alipofariki nilihamia kwa mdogo wangu, naye akaniambia, "Dada, pika, fua, panga utakavyo. Wale tu niachie mwenyewe. Ndio waliobaki wa kwake."

Jike alikuwa na bidii. Akifunguliwa hutua kwenye meza ya kushonea, akauma ukingo wa karatasi za kukatia nguo, akachana ukanda ulionyooka kama uliopigiwa rula, kisha akaubeba mdomoni hadi kijumbani kutengeneza kiota.

"Huyu ningemwajiri," mdogo wangu akasema. "Mkasi wake hauhitaji kunolewa."

"Na huyo mwenzake?"

"Huyo ni msimamizi. Kazi yake kelele."

Kosa lilitokana na huruma. Mdogo wangu aliona karatasi ni ngumu mno kulalia, akawawekea mabaki ya satini, yale anayotilia bitana ndani ya nguo za watoto wachanga zisiwachune. Jike akayapokea yote. Lakini satini ikikatwa bila kupindwa hufumuka nyuzi, na fundi anajua hivyo kuliko mtu yeyote. Jambo hilo alilijua kwa nguo. Kwa kiota halikumjia akilini.

Asubuhi moja jike hakutoka. Dume alikuwa mlangoni mwa kijumba, mbegu mdomoni, anaingiza kichwa, anakitoa, anaingiza tena. Mdogo wangu akainua kifuniko. Nyuzi zilikuwa zimemzunguka jike mguuni na shingoni, na kwa jinsi alivyohangaika ndivyo zilivyokaza. Nilimkuta mdogo wangu amemlaza mapajani, anazikata kwa kimkasi cha vifungo, uzi baada ya uzi, polepole.

"Mdogo wangu, ameshakwenda."

"Naona. Siwezi kumzika amefungwa."

Tangu siku ile dume aliacha kula. Aliita mpaka sauti ikakwaruza, kisha akajikunja pembeni kama kitambaa kilichotupwa. Tukamwita daktari wa mifugo.

"Mama zangu, mimi watu wangu ni ng'ombe," alisema, lakini alimpapasa kwa adabu. "Ugonjwa sioni. Huyu anamalizwa na upweke. Hawa hawakuumbwa kukaa mmoja mmoja."

"Nimtafutie mwingine?"

"Unaweza. Naye atatolewa kwenye shimo la mti, kama alivyotolewa huyu."

Mdogo wangu alimsindikiza hadi mlangoni.

Kuna kundi la kasuku wa porini, wa aina ile ile, hupita juu ya nyumba asubuhi likielekea kwenye mashamba ya mtama. Mdogo wangu akaanza kulitundika tundu uani. Siku za kwanza walipita tu. Kisha wakatua kwenye bomba la tangi linalovuja, wakanywa, na mmoja akaja kung'ang'ania waya za tundu. Dume akainuka. Akajibu.

"Dada, hajui mwewe. Hajui hata maji yanatoka wapi. Nikimfungulia nimemuua."

"Na ukimfungia?"

Alisimama mkono ukiwa kwenye kitasa kile kidogo alichokichonga mumewe. Kisha akakifungua.

Dume alipanda juu ya tundu, akajinyoosha. Kundi liliporuka naye aliruka, chini chini, mabawa yakipiga haraka kwa sababu hayakuwahi kuvuka zaidi ya chumba. Akagonga ukingo wa bati, akajishika, akaita, akaruka tena. Wenzake walikuwa mbele sana. Tukamwona mpaka nyumba ya jirani ikamficha.

Siku hizi kundi likipita mdogo wangu huinua mguu kwenye cherehani, akatega sikio. Alikuwa na hakika sauti ya yule dume ataijua popote.

"Umemsikia?" mimi humwuliza.

"Wote wanalia sawa, dada," hunijibu, na huendelea kutazama juu hata wakishapita.