Mpokezi wa Alhamisi

Walikuwa sakafuni wote wawili. Mama mkwe juu, Fundi, mjane wa mwanawe, chini, na kati yao shuka iliyolowa mkojo. Fundi alikuwa akimhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kama alivyofanya kila asubuhi, mgongo ukalia kama ukuni mkavu unapovunjwa, na miguu ikamwisha nguvu. Alipoona wanakwenda chini alijitahidi jambo moja tu: kutangulia yeye, ili mwenzake aangukie mwili wake na si saruji.

"Umeumia, mama?"

Kiharusi kilimchukua mama mkwe upande mzima wa kulia na nusu ya ulimi. Maneno yake yalikuja kwa mafungu mawili: fungu la kwanza, kimya kirefu, halafu fungu la pili. Aliyeishi naye alijifunza kungoja. Fundi alingoja, pumzi zikimbana.

"Leo..." alisema mama mkwe. Nzi alitua kwenye mguu wa kitanda, akaruka tena. "...wewe ndiye godoro."

Wakacheka. Fundi alicheka huku machozi yakimtoka, maana kila kicheko kilimchoma kiunoni kama sindano ya gunia. Alijaribu kuinuka kwa kiwiko, akashindwa. Akajaribu kwa goti, akashindwa. Akaita jirani, jirani alikuwa sokoni. Wakabaki hivyo hivyo, jua likitambaa kutoka mlangoni hadi katikati ya chumba, mpaka nesi wa mtaa, aliyekuwa katika mizunguko yake ya kutembelea wagonjwa majumbani, alipobisha hodi, akaitikiwa na sauti inayotoka chini, akaingia mbio.

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo asiyepoteza maneno. Alimwinua mama mkwe, akamsafisha, akampima presha. Kisha akamgeukia Fundi.

"Na wewe lala hapo nikuone."

"Mimi si mgonjwa."

"Nimesikia. Lala."

Alipombonyeza kiunoni, Fundi aliuma kona ya mto.

"Usiku unalala?"

"Mama akilala."

"Na mama analala?"

Fundi aligeuza uso ukutani.

"Nani mwingine anamtazama?"

"Ana watoto wake wawili, wapo mjini."

"Nimekuuliza anayemtazama."

Fundi aliletwa nyumba hii akiwa mwali, na cherehani yake ikaja pamoja naye. Kwa cherehani hiyo, barazani, alishona nguo za nusu ya mtaa, na bati za sebuleni zilitoka humo. Mume akafa kwa homa ambayo haikumpa mtu nafasi ya kuagana. Hawakujaliwa mtoto. Msiba ulipokwisha watu walianza kumtazama kwa jicho la "unaondoka lini," ndipo mama mkwe akaanguka chooni, na jicho lile likafumbwa. Lazima mtu abaki. Cherehani iliuzwa wiki ile ile, ikawa matibabu. Jina tu ndilo lililosalia. Watu waliendelea kumwita Fundi.

"Zahanati yetu ina watu wanaokuja nyumbani kumpokea mlezi," alisema nesi. "Mchana mmoja kwa wiki. Wao wanakaa na mgonjwa, wewe unatoka."

"Natoka naenda wapi?"

"Popote. Kalale. Katembee. Kaangalie magari yanavyopita."

"Watu watasema nimemchoka mama wa watu."

Kutoka kitandani ikaja sauti: "Umenichoka..."

Fundi alimgeukia. Akangoja.

"...na mimi nimeuchoka uso wako. Nenda."

Mpokezi alikuja Alhamisi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha kujaza chumba, na alipoingia alivua viatu mlangoni akaenda moja kwa moja kumwamkia mgonjwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Fundi alimwonyesha kila kitu: jinsi ya kuweka mto katikati ya magoti, upande wa kinywa unaomeza na upande unaopalia, jinsi ya kumgeuza kabla ngozi haijawa nyekundu. Mpokezi alisikiliza kama mtu asiyejua, ingawa alijua. Kisha Fundi akatoka, akafika kwenye benchi la duka la jirani, akakaa. Akarudi kuchukua mwavuli, na mvua haikuwapo. Akarudi kusema uji usiwe mzito. Akarudi mara nyingine, bila kisingizio chochote.

"Dada," alisema Mpokezi, "ukirudi tena nafunga mlango kwa komeo. Mama huyu na mimi tuna mazungumzo yetu."

Na kweli alikuwa akimwimbia. Fundi alisimama nje ya ukuta akasikiliza. Wivu ulimwuma kidogo, kama kiatu kipya.

Alhamisi iliyofuata alikwenda kwa shoga yake, fundi mwenzake wa zamani, aliyekuwa na kibanda cha kushonea nyuma ya stendi. Shoga hakuuliza mengi. Alimsogezea cherehani na rundo la sare za shule, akasema, "Shona mifuko." Mguu ulipokanyaga, gurudumu likaitika, Fundi akasikia mwili wake wote ukikumbuka. Alishona mifuko mpaka macho yakawa mazito, halafu akalala juu ya vipande vya vitambaa, kinywa wazi, wateja wakimruka. Shoga alimwacha.

Aliporudi jioni mama mkwe alimkagua kutoka juu hadi chini.

"Umelala..."

"Nimelala, mama."

"...una alama ya zipu shavuni."

Tangu hapo Alhamisi ikawa siku yenye jina. Fundi alianza kutembea amenyooka. Alinunua mafuta ya mgongo, akapaka. Hata hasira zilizokuwa zikimpanda alfajiri, zile za kuvuta shuka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika na kisha kuona haya, zilipungua. Alimgeuza mama taratibu. Walikuwa na muda wa kusengenya majirani.

Kisha Alhamisi moja wifi, mmoja wa wale watoto wawili wa mjini, akaja bila taarifa, kama wanavyokuja wenye mali. Fundi hakuwepo. Baadaye Mpokezi alimsimulia, akiwa ameshika viatu mkononi, kicheko hana.

"Hakuniuliza mama anaendeleaje. Aliniuliza nani ananilipa. Nikamwambia zahanati. Akasema, 'Kwa hiyo ni bure?' Nikasema kwa mgonjwa ni bure. Basi akatoka nje na simu. Dada, kama nimekuharibia, unisamehe."

"Umeniharibia nini?" Fundi alisema. "Umesema kweli."

Jumapili shemeji mwenyewe alifika, yeye na wifi. Shemeji alifanya kazi ofisi ya viwanja. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyemkosea mtu adabu. Alikaa kwenye kiti cha marehemu ndugu yake, akapokea chai kwa mikono miwili.

"Shemeji, hatujaja kwa ubaya."

"Karibuni sana."

"Tumesikia umechoka."

"Sijachoka, shemeji. Ni huu mgongo tu..."

"Usijitetee. Binadamu huchoka. Umefanya kazi kubwa, hata marehemu huko aliko anakushukuru." Akapuliza chai. "Ndiyo maana tumekaa tukaona upumzike. Si mchana mmoja. Upumzike kabisa."

Neno ahsante lilikuwa limeshafika kwenye meno ya Fundi. Alidhani wamekubali hatimaye. Kwamba wifi atachukua Jumamosi, na shemeji ataleta msichana wa kusaidia kufua.

"Mtaongeza mtu?"

Wifi alicheka puani. "Mtu si yupo? Tena wa bure, tena amesomea."

"Yule anakuja Alhamisi tu, wifi."

"Nitaongea na wakubwa wake," alisema shemeji. "Hakuna mlango usiofunguka ukimjua anayeshika kitasa. Wewe bado una nguvu zako. Kwenu wapo. Hapa huna mtoto useme unamkalia. Ulikuwa unamkalia mama, na mama sasa ana mtu."

Fundi alinyoosha kidole juu. "Nyumba hii," alisema. "Bati hizi..."

"Nyumba ni ya ukoo, shemeji." Sauti haikupanda hata kidogo. "Kiwanja kimeandikwaje, hiyo ndiyo kazi yangu."

Wifi alikuwa anaangalia, si kwenye bati, bali kwenye milango, mmoja baada ya mwingine, kama anayegawa vyumba.

"Muulizeni mama," alisema Fundi.

Wakaingia chumbani. Shemeji aliinama juu ya kitanda akapaza sauti, kana kwamba mama yake ni kiziwi, na masikio ndiyo yalikuwa mazima kuliko kitu kingine chochote mwilini mwake.

"Mama! Yule dada wa Alhamisi. Anayekuimbia. Unamtaka?"

Uso wa mama mkwe ulichangamka, ule upande uliokuwa hai. "Namtaka..."

"Umesikia mwenyewe," alisema shemeji.

"Ngoja. Hajamaliza. Ngojeni amalize."

"Shemeji, tusimlishe mgonjwa maneno."

Alikwishageuka. Alimshika Fundi kiwiko, taratibu, kama mgeni anayesindikizwa, akampitisha mlangoni, na wifi nyuma yao akashusha pazia. Ndipo fungu la pili lilipokuja, nyuma ya kitambaa, limepinda lakini zima:

"...na huyu wangu asiondoke."

"Mmesikia?" Fundi alisema.

"Nini?" aliuliza wifi. "Anahema tu."

Fundi aliondoka kesho yake. Alimwogesha mama, akampaka mafuta, akamlaza ubavu wa kushoto, akaweka mto kati ya magoti. Alimweleza wifi habari za kumgeuza. Wifi aliitikia "ehe, ehe" huku kidole kikitembea kwenye simu. Mama mkwe alikuwa amemshika Fundi pindo la gauni kwa mkono ule mmoja, na Fundi alilazimika kumfungua kidole kimoja kimoja, kama anayefumua mshono ili asichane kitambaa.

"Narudi, mama."

Hakungoja jibu. Hilo lilimsumbua kuliko yote. Kwamba siku hiyo hata yeye hakungoja.

Akalala kibandani kwa shoga, juu ya vitambaa vile vile, na usingizi ambao zamani ulimwangusha mchana kweupe sasa ukamkimbia. Akavumilia siku nyingi; aliposhindwa, alikwenda zahanati. Nesi alimpeleka pembeni, karibu na mizani ya watoto.

"Mpokezi ameondolewa pale," alisema.

"Kwa nini? Shemeji alisema ataongea na wakubwa aje kila siku."

"Aliongea. Wakamwambia mpokezi anampokea mlezi. Pasipo mlezi, anampokea nani? Wakamuuliza mlezi wa nyumba ile ni nani, akasema ni familia nzima."

"Familia nzima ni nani?"

"Ndivyo nilivyouliza na mimi." Nesi alitazama mikono yake. "Wakubwa wanataka mtu mmoja anayelala mle ndani. Akipatikana, Mpokezi anarudi."

"Mimi nitarudi."

"Kwa ruhusa ya nani, mwanangu?"

Siku ile ile alikwenda kwenye nyumba ile. Barazani palikuwa na majiko mawili ya watu asiowajua, na nguo za watoto zikining'inia mahali ilipokuwa cherehani. Mpangaji, mwanamke kijana mwenye mimba, alitoka akifuta mikono. Hakuwa mkorofi. Alisema bibi yupo chumba cha nyuma, kile cha stoo. Alisema mwenye ufunguo ni yule mama wa mjini, huja asubuhi na jioni, ingawa leo asubuhi hakumwona. Alisema waliambiwa wasifungue kwa mtu yeyote, na yeye hapa ni mpangaji tu, hataki maneno.

"Anaita sana," aliongeza, akitazama chini. "Tunaongeza redio."

Fundi alizunguka nyuma ya nyumba. Dirisha la stoo lilikuwa dogo, la nondo, halina kioo. Harufu ilimpokea kabla ya kuona chochote, naye aliijua harufu hiyo. Ni ya ngozi iliyolaliwa. Macho yalipozoea giza alimwona. Kitanda kilikuwa kimesukumwa kwenye ukuta wa mbali ili kupisha magunia ya saruji. Mama mkwe alikuwa amelala ubavu wa kulia, ule uliokufa, mkono umekaa chini yake kama kitu cha mtu mwingine.

"Mama. Ni mimi."

Kichwa kilisogea. Fundi alingoja. Redio ya wapangaji iliimba wimbo mzima.

"Nigeuze..." alisema mama mkwe.

Fundi alipitisha mkono kati ya nondo. Akaupitisha mpaka bega likakwama, shavu likabanwa kwenye chuma chenye kutu. Vidole vilifunguka hewani. Kati ya vidole na ukingo wa shuka palikuwa na nafasi ambayo mtu akiwa ndani angeimaliza kwa hatua moja.

"...mwanangu."

"Nakuja, mama. Jioni wifi analeta ufunguo."

Akautoa mkono. Alikaa chini ya dirisha, mgongo ukutani, mahali ambapo sauti ya mle ndani ingemfikia na ya kwake ingerudi. Jua lilikuwa bado kali. Mpangaji alimletea maji kwenye kikombe, akaondoka haraka bila kutazama dirishani.

"Bado?" iliuliza sauti kutoka ndani, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumsumbua mwenye shughuli.

"Bado kidogo, mama."

Kivuli cha ukuta kikaanza kurefuka. Mwenye ufunguo hakutokea.

"Bado?"

"Bado."